Chaneli ya Kwanza Haifungwi

Jumapili, 17 Septemba

Mvua ya kwanza imenyesha leo katikati ya misa. Bati lilipiga kelele mpaka padri akanyamaza kungoja ipungue. Mama mkwe wangu, Mama Dancille, aliinua macho juu akatabasamu, kwa sababu kwake mvua ni maharagwe. Muzee, baba mkwe wangu, hakutabasamu. Kwake yeye mvua ni ziwa.

Nieleze, maana daftari hili ni jipya na halijui kitu. Mama Dancille anauza mananasi. Kila Jumanne anapanda boti pale Kituku, anavuka mpaka kisiwa cha Idjwi, analala kwa dada yake, na Jumatano anarudi na mzigo. Mwaka jana, mwezi wa kumi na moja, boti lao lilizimika katikati ya ziwa, upepo ukalizungusha, na huku nyumbani hakuna aliyejua lolote. Simu hazishiki kule. Muzee alisimama ufukweni tangu alasiri mpaka asubuhi ya pili, kofia mkononi, hakuketi wala hakula. Mama alipofika, ameloa chapachapa, alimwambia tu, "Papa Jeancy, ju ya nini haukuvaa koti?" Siku ile Muzee aliapa kwamba mvua nyingine hazitamkuta mke wake ziwani bila sauti.

Sasa sauti zimepatikana. Shirika alilolifanyia kazi ya redio miaka kumi na tisa, kule Himbi, limefunga ofisi, na kwa kumuaga wamempa katoni la redio nane za mkono, zile ambazo watu wa hapa wanaziita motorola hata zikiwa zimetoka China. Saba ni za boti za wamama wa Kituku, moja ya nyumbani. Mimi ninatengeneza simu Birere, kwa hiyo nimeteuliwa kuwa fundi. Sikuulizwa. Mume wangu Jeancy yuko Kisangani kikazi mpaka Noeli, na nilipomlalamikia kwenye simu alicheka mpaka uniti zikaisha.

Daftari pia amenipa Muzee. "Mutu wa redio asiye na kaye ni muongo," alisema.

Jumatano, 20 Septemba

Mama amerudi salama. Mananasi ni madogo mwaka huu, ila matamu.

Jumamosi, 23 Septemba

Kibali cha redio kimetoka, kina mihuri mitatu. Kinasema boti saba zinaweza kutumia masafa yaliyoorodheshwa, kwa sharti kwamba Muzee, ambaye ana leseni ya redio ya ridhaa tangu ujana wake, awafundishe watumiaji na awe msikilizaji wao. Amekitia kibali kwenye fremu na kukitundika karibu na picha ya harusi yake.

Tumeanza kazi. Kwenye karatasi ni rahisi: unaunganisha redio na kompyuta kwa kebo, unasoma kilichomo ndani, unakihifadhi pembeni usije ukajuta, halafu unajaza jedwali, mstari mmoja kwa chaneli moja: masafa, jina fupi, nguvu. Mwisho unairudishia redio jedwali hilo. Kwenye meza yetu si rahisi. Kebo tatu za Birere kompyuta ilizikataa. Ya nne ikakubali, na kazi ilipofika asilimia tisini na nne courant, yaani umeme, ikakatika. Nilisema neno ambalo sitaliandika. Muzee alinitazama, akasema mashine zote zina roho ya punda, tuanze upya.

Ana kaye lake la zamani, limefungwa kwa raba, lenye masafa yanayotumiwa na watu wengi. La kwanza kabisa ni 145.500, na amelipigia mistari miwili chini.

"Hii njo mulango ya nyumba," alisema. "Mutu yeyote wa redio, atoke hapa, atoke mbali, akipata shida anapiga hodi hapa. Utaiweka chaneli ya kwanza mu redio yote nane."

Jumapili, 24 Septemba

Somo la kwanza, uani kwetu. Wamekuja wamama saba na wenye boti wao. Mama Katungu, muuza sambaza, vile visamaki vya ziwani, ndiye mwenyekiti, na sauti yake haihitaji redio.

Kanuni za Muzee ni hizi. Sikiliza kwanza. Ukimwita mtu, taja jina lake mara mbili, kisha lako mara moja, kisha achia kibonyezo unyamaze. Na ukisikia jina lako, jibu palepale. Kumwacha mtu akiita hewani bila jibu ni dhambi. Alisema dhambi kweli, kama padri.

Hapo ndipo tatizo langu lilipo. Kwa kina Muzee, watu wa milima ya Masisi, mwanamke aliyeolewa hatamki jina la baba mkwe wake, na wale wa zamani hata la mume. Wanaita gutsinda. Siku ya harusi yangu Mama Dancille alinivuta pembeni, akaniambia taratibu, "Jina ya baba mukwe yako haitapita mu kinywa yako. Miye pia, haijapita." Na ni kweli. Miaka arobaini na mitatu ya ndoa anamwita Papa Jeancy, na kabla Jeancy hajazaliwa alikuwa anamwita "wewe pale". Rafiki zangu wa Birere wananicheka kwamba nimeolewa na karne nyingine. Lakini nimezoea, hata hapa kalamu inasita, na sitaliandika. Nitaandika Muzee.

Kwa hiyo jaribio la kwanza lilikwenda hivi. Nilishuka na redio mpaka ziwani, nikabonyeza, nikasema, "Muzee, Muzee, hapa Donatille."

Waliitika wazee wanne kwa mpigo. Watatu walikuwa wenye boti, wote wana mvi. Wa nne sijui ni nani mpaka leo, labda mlinzi wa ua fulani, na aliniuliza kama nimeleta chakula.

Nilirudi nyumbani nikamkuta Muzee amesimama mlangoni. "Dona, mu hewa hakuna muzee. Kuko jina."

"Najua, Muzee."

"Sasa?"

Nikamtazama Mama Dancille. Alikuwa anachambua maharagwe, hakuinua kichwa. "Sheria ni sheria," alisema.

Nikapendekeza tumwite Nyumba, kwa kuwa redio yake iko nyumbani. Akakataa. "Miye siko nyumba. Miye niko mutu." Alifikiri kidogo, akajikuna kidevu. "Basi, bamama ba hapa ndani, mutaacha kuniita. Nitakuwa nabaita miye, kila saa. Mutajibu tu."

Ninalala nikifikiri kwamba huyu mzee ni mkaidi kupita kiasi.

Jumatano, 27 Septemba

Imefanya kazi! Kila saa kamili Muzee ameita boti zote saba, moja baada ya nyingine. Wa mwisho kila mara ni Mama. "Dancille, Dancille." Naye anajibu, "Niko." Basi.

Nyumbani humwita Mama Jeancy. Sijawahi kumsikia akisema Dancille mpaka leo. Alipokuwa anasema alikaa wima na kufunga kifungo cha juu cha shati.

Jumanne, 3 Oktoba

Mvua.

Jumatano, 4 Oktoba

Mvua. Mama salama. "Niko" sita.

Jumamosi, 7 Oktoba

Mama Katungu amekuja dukani kwangu Birere akanunua kava ya simu asiyoihitaji, kisha akasema kilichomleta. Kuna mwenye boti wa Idjwi anayeitwa Bulonza, kijana mwenye mashavu, naye amejipatia redio yake mwenyewe. Anawasikiliza wamama wakiambiana bei ya huko ng'ambo, halafu anawawahi sokoni.

"Ule Bulonza anasikiaka yote," alisema. "Dona, weka code. Chaneli zote. Afunge masikio."

"Muzee hatakubali."

"Muzee atajua wapi? Yeye anaona kompyuta kama anaona ngombe ya mwenzake."

Niliona ana haki. Wamama hawa wanaamka saa kumi alfajiri, kisha mtu mmoja anakaa kivulini na kuvuna jasho lao. Jioni, Muzee akiwa kwenye mkutano wa parokia, nilizikusanya redio saba nikaweka msimbo kwenye kila chaneli. Ya kwanza pia.

Jumapili, 8 Oktoba

Amejua. Sijui vipi. Aliita boti kwa jaribio baada ya misa, akaita mara mbili, hakuna aliyemjibu, akaketi dakika moja akiitazama redio yake, kisha akasema, "Dona. Kuya hapa."

Nilijitetea vizuri sana. Nilitaja jasho, alfajiri, na mashavu ya Bulonza. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza, nikajiona nimeshinda.

Kisha akasema, "Code haifungi mudomo yako, mutoto yangu. Bulonza atakusikia tu kama zamani. Code inafunga masikio *yako*. Asiye na code, hata akilia, haumusikie. Umebaziba bamama masikio, umebapeleka mu maji."

Nilifungua maelekezo kwenye kompyuta kumwonyesha kwamba amekosea. Hakukosea. Ndivyo ilivyo: msimbo unainyamazisha redio yako kwa kila mtu asiyeubeba. Nimetengeneza simu miaka tisa na sikulijua hilo.

"Chaneli ya kwanza haifungwi," alisema. "Ya pili, mufanye siri yenu. Ya kwanza, hapana. Na leo hakuna kompyuta. Utatoa code na vidole, redio moja moja, ju siku moja utakuwa pahali haina courant."

Redio saba, kwa vibonyezo, menyu ndani ya menyu, kwenye kioo cha upana wa kidole gumba. Jumapili yote. Nilikuwa na hasira hata chakula sikukitaka. Saa kumi alikuja, akaniwekea chai na nanasi lililokatwa vipande, akaenda zake. Alikuwa amelikata yeye mwenyewe, vibaya, na maganda mengine yamebaki. Nimelila lote.

Alhamisi, 12 Oktoba

Bulonza mwenyewe amekuja dukani. Redio yake ilikuwa imevurugika, haina hata chaneli moja inayosema. Nilitaka kumwambia nimefunga. Kisha nikasikia sauti ya Muzee kichwani mwangu, na hilo linaniudhi. Nikamwekea chaneli ya kwanza tu.

"Hii moja?" aliuliza.

"Hii njo mulango ya nyumba," nikasema, nikashangaa kinywa changu.

Mama Katungu amesikia. Hanisalimii.

Jumatano, 25 Oktoba

Salama. Muzee amegundua kwamba Mama huwa anajibu kabla hajamaliza kusema Dancille ya pili. Amenieleza kwa kulalamika, ati anavunja kanuni. Lakini alinieleza mara tatu.

Jumatatu, 30 Oktoba

Mvua, siku tano sasa. Barabara ya Birere imekuwa mto mweusi wa mawe ya volkano. Sikuuza kitu. Nilikaa nikapanga upya majina ya chaneli.

Jumapili, 5 Novemba

Ninaanza kumwelewa. Leo mzee mmoja alimsimamisha nje ya kanisa, akamshika mkono kwa mikono miwili, hakuuachia. Baadaye Mama akaniambia ni kwa nini. Zamani, kabla ya simu za mkononi, Muzee alikuwa anaendesha phonie ya misheni kule Masisi, redio kubwa iliyokuwa inasema na miji ya mbali. Mtu akitaka kumjulisha ndugu yake wa Bukavu kwamba mama yao ameaga, au mtoto amezaliwa, anakuja kwake. Yeye ndiye aliyewafikishia watu vilio na vigelegele vyao. Yule mzee alipata habari ya mtoto wake wa kwanza kwa kinywa cha Muzee.

Mtu wa namna hiyo, akisema usizibe masikio, nadhani ana sababu.

Jumatatu, 13 Novemba

Kesho ninavuka na Mama. Muzee anataka nipime redio inafika wapi, niandike kila nusu saa. Sijawahi kuvuka mvua zikiwa hivi. Nimemwambia siogopi. Amenipa koti lake.

Alhamisi, 16 Novemba

Sikuandika jana. Leo nitaandika yote.

Jumatano tuliondoka Idjwi saa saba mchana, watu saba na mananasi hadi magotini. Ziwa lilikuwa limelala. Saa tisa kamili Muzee aliita, sisi tukajibu, niliandika: *anasikika safi*. Baada ya dakika kama ishirini mbingu ya upande wa Masisi ikawa nyeusi, na kabla mwenye boti hajageuza, upepo ulikuwa umetufikia. Kisha motere ikakohoa ikafa. Maji yalikuwa yameingia kwenye esansi, petroli yake. Alivuta kamba mpaka ngozi ya kiganja ikatoka, haikuwaka.

Upepo ulitusukuma upande ambao pwani ni miamba mitupu, hakuna mahali boti linaweza kugusa lisivunjike. Niliiona miamba, nikaiona tena karibu zaidi. Mvua ilikuja imelala kwa upepo. Mwanamke mmoja alianza kuimba wimbo wa kanisani, akaacha. Simu yangu ilionyesha msalaba pale ambapo huwa na mtandao.

Saa kumi, Muzee angeita. Lakini saa kumi tungekuwa kwenye mawe.

Nikabonyeza. "Muzee, Muzee, hapa Donatille. Motere imezimika."

Niliachia nikasikia soko. Kila boti lililokuwa ziwani lilikuwa linamwita mzee wake. "Muzee, geuka!" "Muzee uko wapi?" "Muzee, niko nyuma yako!" Sauti zinapandana, mbili zikisema pamoja inabaki mluzi tu. Mtu akauliza, "Nani anaita muzee?" Nikasema ni mimi, na mwingine akanifunika. Nikaita tena. Mara ya tatu, mara ya nne. Muzee ameniambia baadaye kwamba alikuwa ameketi palepale, mkono kwenye kibonyezo, na muzee, muzee zilimjia kutoka kila upande, hakujua ni nani anamwita nani.

Nikamtazama Mama Dancille. Alikuwa ameshika ubao wa boti kwa mikono miwili, kitambaa cha kichwa kimemwangukia shingoni, mvi zake zote wazi kwenye mvua. Naye alikuwa ananitazama. Alijua ninachotaka kufanya. Sikumwomba ruhusa.

"Védaste, Védaste, hapa Donatille."

Ndiyo hilo jina. Nimeliandika sasa, na dari haijaniangukia.

Alijibu kabla kidole changu hakijatoka vizuri. "Donatille, nakusikia. Wengine wote munyamaze. Munyamaze! Donatille, sema."

Ziwa zima lilinyamaza. Sijawahi kusikia utii wa namna ile, hata kanisani.

"Motere imekufa. Tuko batu saba. Upepo inatusukuma ku mawe."

"Unaona nini?"

"Kanisa. Bati nyekundu, juu ya mulima, ku mukono ya kushoto."

"Nimejua pale. Ngoja." Sauti yake ilikuwa taratibu, kama mtu anayesoma orodha ya sokoni. Kisha akaita hewani, si kwa jina la mtu, "Boti yoyote yenye kusikia. Boti yoyote. Kuko batu saba chini ya kanisa ya bati nyekundu."

Mluzi. Nilihesabu mpaka kumi na mbili.

"Hapa Bulonza," sauti ikasema. "Kanisa naiona, boti hapana. Muko na tochi? Muwashe."

Tukawasha tochi za simu, zote nne zilizokuwa na moto. "Nimeona," akasema. "Musisimame. Nakuya."

Nilikumbuka ile jioni ya Oktoba, redio saba mezani. Bulonza angetusikia sana. Angepiga kelele tuwashe tochi mpaka sauti imkauke, nasi tungekaa kwenye giza la mvua na masikio niliyoyaziba mimi kwa mkono wangu.

Alichukua kama nusu saa. Tulikuwa tunasikia mawimbi yakipiga mawe tulipoliona boti lake likija limepinda upande, na yeye amesimama mbele na kamba, mashavu yote yakimeremeta. Sijawahi kuona mwanaume mzuri namna ile, na Jeancy anisamehe.

Lakini kabla hajafika, Mama Dancille alininyang'anya redio. Aliibonyeza kwa vidole gumba viwili.

"Védaste," alisema.

Alisahau kutaja mara mbili. Alisahau kila kanuni. "Védaste, ni miye, Dancille. Tuko bazima. Usiende kusimama ku mvua. Vaa koti."

Na akabaki amebonyeza, kwa hiyo kule ng'ambo Muzee hakuweza kujibu. Alisikia tu meno ya mke wake yakigongana, na maji. Nilimtoa vidole kimoja kimoja. Redio ikakaa kimya muda mrefu. Nilidhani betri imekwisha.

"Nimevaa," Muzee akasema. Sauti haikuwa taratibu tena.

Koti lake nilikuwa nalo mimi. Tulipofika nyumbani tulimkuta sebuleni, mbele ya redio, amevaa koti la Mama, la maua, mikono imemfika kwenye viwiko. Mama alimtazama kutoka kichwani hadi miguuni akaanza kucheka, na kucheka kukageuka kilio, na Muzee akamketisha kwenye kiti chake akamvua viatu vilivyoloa. Mimi nilikwenda jikoni. Kuna mambo ambayo mkamwana hapaswi kuyatazama, hata bila gutsinda.

Ijumaa, 17 Novemba

Nampenda yule mzee. Nimeandika, imekwisha.

Jumapili, 19 Novemba

Nilikuwa ninangoja hukumu. Leo, tukimenya maharagwe, nikaiomba mwenyewe. Nimesikia kwamba zamani mwanamke aliyetamka jina la baba mkwe alirudi kwao kuleta kibuyu cha pombe ya ndizi cha kuomba radhi.

"Ni kweli," Mama akasema. "Lakini sasa tumekosa wawili. Nani ataletea nani?"

Tukamenya. Kisha, bila mimi kuuliza, akasema kwamba hiyo haikuwa mara yake ya kwanza kulitaja. Alikuwa na miaka kumi na tisa, shuleni kwa masista, mbali, na bado hawajaoana. Baba yake aliugua. Masista walikuwa na phonie, wakamwambia aite misheni ya Masisi. Hakujua namna ya kuita, akataja jina la kijana aliyekuwa anafanya kazi huko, kwa sababu ndilo jina pekee alilolijua. Akajibiwa palepale. Wiki nzima kijana yule alimletea habari za baba yake kila jioni, mpaka akapona.

"Alafu akatuma batu kwetu, tukaoana, na sikuita tena," Mama alisema. "Miaka arobaini na tatu. Sikuwazaka kama anakosaga ile jina."

"Amekwambia anaikosa?"

"Hapana. Lakini ulisikia namna alinyamaza."

Jumatano, 29 Novemba

Mama amevuka, amerudi. Mama Katungu amempelekea Bulonza ndoo ya sambaza, akamwambia hiyo ni ya shingo saba, bei bado wataigombania. Mimi ananisalimia tena, kwa sauti ya kuvunja vioo.

Jumamosi, 9 Desemba

Wenye boti wengine kumi na mmoja wameomba. Kila mmoja anakuja na redio yake na hadithi yake. Ninajaza majedwali mpaka macho yanauma. Mstari wa kwanza sibadilishi.

Jumapili, 17 Desemba

Mvua zimepungua. Jeancy anafika Ijumaa, na nitamwambia nini kwanza sijui.

Mchana huu nilikuwa uani na Muzee, kompyuta mezani, redio yake imesimama kati yetu. Ninamfundisha kebo, yeye ananifundisha subira. Mama alikuwa jikoni anasonga bukari, ugali wetu, hatua nane kutoka pale tulipokuwa. Tulikuwa tunamwona mgongo kupitia mlango. Angeweza kukohoa tukamsikia.

Redio ikasema, taratibu, kwa kanuni zote, "Védaste, Védaste, hapa Dancille. Bukari iko tayari."

Mkono wa Muzee ulikwenda mbio kwenye kibonyezo, kama miaka yote. Ukasimama juu yake. Haukubonyeza.

Nilimtazama. Huyu aliyetufundisha kwamba kumwacha mtu akiita ni dhambi. Akaweka kidole mdomoni kuninyamazisha, macho yamejaa maji, akangoja.

"Védaste, Védaste," Mama akaita tena.

Hapo akajibu.